Msimamizi wa Nyasi

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mke wake alimwita Msimamizi, na ukisikia anavyolitamka ulijua kama siku hiyo nyumbani wanaelewana au wamenuniana. Cheo hicho alishuka nacho kutoka shamba la serikali la ng'ombe, kule juu kwenye baridi, alikosimamia malisho kwa miaka mingi hadi walipoanza kupunguza wafanyakazi. Wenzake waliopunguzwa walirudi makwao na mabati, redio, na mmoja nasikia alirudi na cherehani. Yeye alishuka kwenye lori pale barabarani, kijijini kwetu kati ya Njombe na Makambako, amevaa buti za mpira, mkono mmoja kamba ya mtamba, begani gunia. Tukadhani ni mbegu za viazi. Lilikuwa limejaa mizizi ya majani.

"Majani?" shemeji yangu alimwuliza. "Umeona kwetu huku majani yamepungua?"

"Haya ni ya kula ng'ombe," alisema. "Hayo mliyo nayo ni ya kuezekea."

Basi ndivyo alivyojitambulisha. Hakuwa na salamu nyingi. Shemeji yangu alilishika neno lile kwa miaka, na kila walipokutana kilabuni alimwuliza kama paa la nyumba yake linaendelea vizuri.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa na kinyongo, na mtu akichelewa kikaoni alirudia maneno yote tangu mwanzo ili kumwadhibu, akituadhibu na sisi tuliowahi. Lakini nimeishi karibu na watu wengi waliojiita viongozi, na huyu ndiye ninayemkumbuka ninaposhika jembe au ninapokamua. Namkumbuka bila kupenda.

Kikundi chetu cha wafugaji kilikuwa na kilima. Kijiji kilitukatia kwa maneno tu, wazee wakaonyesha mipaka kwa fimbo, ikaisha. Msimamizi akakigawa kwa senyenge na miti. Sehemu za chini zilikuwa vipande vya kulisha kwa zamu: ng'ombe wote wanaingia kimoja, wanakula, wanahama kabla hawajafika kwenye udongo, na kile walichotoka kinaachwa kiote. Sehemu ya juu aliiita akiba. Mvua kubwa zilipoelekea kuisha alifunga geti la akiba, na baada ya hapo hakuingia ng'ombe, hakuingia mbuzi, hakuingia hata mama mwenye mundu. Nyasi zilipanda hadi kiunoni. Zilikaa hivyo, zinakuangalia, huku ng'ombe wako yuko chini anaramba mawe.

Geti lilifunguliwa mara moja tu kwa mwaka, siku aliyoichagua yeye, na alama yake ilikuwa sakitu, umande ulioganda. Kwetu baridi ya Juni na Julai inalala bondeni. Alfajiri unakuta majani meupe, jua likipanda yanakuwa kama yamemwagiwa maji ya moto. Mtelemko wa juu unanusurika. Kwa hiyo wakati mabonde yote kuanzia kwetu mpaka njia ya Wanging'ombe yameungua, sisi tulikuwa na kilima cha kijani.

Faida yake niliijua mimi kuliko wengi, kwa sababu mimi ndiye niliyepeleka maziwa Makambako. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na Makambako ilikuwa ya kwanza kuonja. Mitumba ilitandazwa mpaka karibu na reli. Sabuni ambazo zamani tulizipangia foleni sasa zilikuita zenyewe. Na yakaja maziwa ya kopo, ya unga, kutoka nchi ambazo sizijui. Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Salumu, mtu wa Kondoa, mwenye mgahawa jirani na maegesho ya malori. Madereva wa kwenda Zambia walipenda chai yake ya maziwa. Siku moja aliniwekea kopo juu ya meza, akaligonga na kijiko.

"Mama Neema, mimi sina ugomvi na ninyi," alisema. "Maziwa yenu ni matamu, wallahi. Lakini hili kopo halikauki Julai. Ninyi mnakauka."

"Sisi hatukauki, Bwana Salumu. Tuna kilima."

"Haya. Mwezi wa saba nitakusubiri hapa hapa."

Mwezi wa saba nilikuja na madumu yamejaa. Akacheka, akaagiza niletewe chapati. Vikundi vingine vilivyomletea maziwa vilikuwa vimeshakatwa, na mwaka ule nilielewa kwamba lile geti la Msimamizi lilikuwa limeshikilia ada za shule, dawa na chumvi ya kila nyumba kwenye kikundi.

Yeye mwenyewe maziwa hakunywa. Alisema yanamjaa tumboni. Alikunywa chai ya rangi, sukari nyingi, na alipokuwa mgeni nyumbani kwangu alifunika kikombe kwa kiganja nisije nikamimina kwa mazoea. Nilimwambia ni ajabu, mtu anapigania maziwa maisha yake yote wala hayanywi. Akasema hajawahi kupigania maziwa hata siku moja. Anapigania nyasi, na maziwa ni shauri la ng'ombe.

Ndivyo alivyokuwa anaona dunia. Alitembea kilimani kila asubuhi akipiga magoti, anatenganisha nyasi kwa vidole kutazama chini kuna nini, anang'oa unyasi mmoja na kuutafuna. Vijana waliopita na baiskeli walimpigia kelele, "Msimamizi, umeshashiba au bado?" Aliendelea kutafuna. Na sisi akina mama tulipomkosa nyumbani kwake tulimwuliza mke wake kama amempeleka malishoni.

"Ameenda mwenyewe," mama yule alikuwa anasema. "Huyu angeoa nyasi. Mimi aliniokota njiani tu."

Na watu alizungumza nao Kiswahili cha ofisini. Kila jambo lilianza na "Naomba ieleweke." Naomba ieleweke kwamba mbuzi si ng'ombe. Naomba ieleweke kwamba kufunga geti maana yake ni kufunga geti. Na ng'ombe alizungumza nao Kikinga, kwa sababu kwao ni Makete, na sisi Wabena tulikuwa tunasimama pembeni tukijaribu kukamata neno moja moja. Nasikitika kusema ng'ombe walipewa lugha laini zaidi. Mtu mzima unakaripiwa kwa Kiswahili, halafu unamsikia anambembeleza ng'ombe wako mwenyewe kwa maneno ambayo hata mkeo hujawahi kumpa.

Msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulimgeuza. Mianzi ilipoanza kutoa alikaa na watu, aliimba besi ya nyimbo za kwaya mpaka meza inatetemeka, na alimsamehe kila aliyemkosea tangu mwaka jana. Mvua zilipokatika na ulanzi ukaisha, msamaha nao ukaisha. Waliomjua walipeleka maombi yao mapema.

Kuna msiba mmoja ambao watu hawakuusahau. Alikuwa amefika kabla ya wote, ameshika sururu, amechimba kaburi kwa mikono yake hadi shati likaloa. Saa ya kwenda kanisani haijafika, akaondoka. Ilikuwa siku ya kuhamisha ng'ombe na mchunga ng'ombe wa zamu alikuwa msibani. Akahamisha, akarudi, akazika, akabaki kufukia wakati wengine wameshaenda kunawa. Wengine walisema hana utu. Wafiwa wenyewe hawakusema hivyo.

Tena alikosea, na alipokosea ilikuwa kubwa. Aliamini baridi ya kwetu inaua kupe. Bwana mifugo, kijana mpole aliyekuja na pikipiki yake, alimwambia mara nyingi kwamba josho la kijiji sasa halina dawa, serikali imeacha kuleta, na kila mtu ajinunulie ya kunyunyizia. Msimamizi akamjibu kupe wa huku hawana nguvu. Mwaka mmoja akampeleka mtamba wake Wanging'ombe, kwenye joto, kwa dume la rafiki yake. Akarudi naye amepandishwa vizuri, na nyuma ya masikio ameleta wageni. Ndigana, homa ya kupe, ikamchukua yule mtamba na mimba yake.  Kisha tukamwona Msimamizi anapita nyumba kwa nyumba na bomba mgongoni, ananyunyizia ng'ombe wa kila mtu, na akimaliza anasema, "Yule kijana alisema kweli." Kwa bwana mifugo mwenyewe alitumia njia ndefu zaidi: alimpelekea kuku.

Mke wake naye alimshinda mara moja hadharani. Akina mama wote wa kwetu tuna vinyungu, bustani za bondeni tunazolima wakati wa kiangazi, na sheria ya kikundi, aliyoitunga Msimamizi mwenyewe, ilisema ng'ombe akiingia kwenye kinyungu cha mtu, mwenye ng'ombe atapalilia kinyungu hicho mpaka mwenyewe aridhike. Ng'ombe wa Msimamizi akakata kamba, akaingia kwenye njegere za mke wake. Sisi tulidhani yataishia jikoni. Mama yule akasimama kikaoni.

"Naomba ieleweke," alisema, na kikao kizima kikaangua kicheko kabla hajafika mbali.

Msimamizi akapalilia. Tulikuwa tunapita makusudi kumwona ameinama kwenye njegere na buti zake za mpira, mkewe amekaa ukingoni anamwonyesha alikoruka. Na nadhani alifurahi. Sheria ilikuwa imefanya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo la kilima, kwa sababu hapo ndipo nilipomjua.

Bei ya mbao ilikuwa imepanda. Malori yalitoka Njombe usiku na mchana, na mtu mwenye misonobari alikuwa mtu. Mfanyabiashara mmoja wa Makambako akaja kijijini kuomba ardhi ya kupanda miti, na kamati ya ardhi ikazunguka naye kutafuta mahali pasipotumika. Ilikuwa Mei. Akiba imefungwa, nyasi ziko kiunoni, hakuna njia, hakuna kinyesi, hakuna ukwato. Wakasimama getini, wakaangalia, wakapaita pori.

Hilo lilikuwa kosa la Msimamizi kwa namna yake. Alikuwa amekifunga kilima vizuri mno. Alikuwa anajisifu kwamba ukipita pale Mei huwezi kujua kama kuna mfugaji aliyezaliwa, na kamati nayo haikujua.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati na mimi nilikuwa naye. Alieleza kwa utaratibu, sakitu, Julai, maziwa, Makambako. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima wa mahindi, na mkulima wa mahindi akiona shamba lina majani marefu anajua mwenye shamba ni mgonjwa au mvivu.

"Kwa hiyo unasema hizo nyasi zinapumzika," mwenyekiti alisema.

"Zinapumzika."

"Zimechoka na nini?"

Waliokuwepo wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilibana midomo. Mwenyekiti akasema kamati itarudi kilimani baada ya Jumapili, ikikuta matumizi, sawa. Ikikuta pori, atapewa anayeweza kulitumia.

Jumapili, baada ya ibada, kikundi kilikutana nje ya kanisa. Kila mtu alitaka jambo moja: geti lifunguliwe kesho asubuhi, ng'ombe wote waingie, kamati iwakute humo. Msimamizi akakataa.

"Wakiingia sasa watazilaza na kuzikanyaga zote. Julai mtawapa nini?"

"Julai tutajua Julai," shemeji yangu alisema.

"Julai hamtajua kitu. Mtanitazama mimi."

"Msimamizi," nikamwambia, "Julai bila nyasi ni Julai moja. Tukinyang'anywa kilima ni Julai zote."

Akaondoka bila kutuaga. Tukabaki tunalaumiana. Wengine walisema tufungue kwa nguvu, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika ule mti wa geti.

Asubuhi tulimkuta ameshafungua. Alikuwa amemwingiza ng'ombe wake mwenyewe, na alikuwa amekaa nje juu ya jiwe, amekipa kilima mgongo. Tulipitisha wetu kimya kimya. Ukisikia ng'ombe mwenye njaa anavyochana nyasi ndefu ni sauti nzuri sana, na siku ile niliichukia. Kamati ikaja, ikakuta mifugo imezama humo hadi tumboni, wachungaji wanapiga miluzi. Mwenyekiti akasema hapa kweli kuna watu. Mfanyabiashara akapewa bonde lingine upande wa pili, na mpaka leo kuna misonobari yake.

Julai ile ilitupiga kama alivyosema. Tulikodi pikapu kwenda Wanging'ombe kuomba mabua ya mahindi na makapi ya maharage. Ng'ombe walikonda mbavu zikahesabika. Maziwa yalikauka, na Bwana Salumu akafungua makopo yake, akanihurumia kwa chapati. Ilituchukua mwaka mzima kumrudisha. Na kulikuwa na watu, wale wale waliopiga kelele nje ya kanisa, walioanza kunong'ona kwamba Msimamizi gani huyu anayefungua geti Mei. Nilikasirika mpaka nikagombana na shemeji yangu mbele ya watoto wake. Msimamizi hakujitetea. Nilimfuata nyumbani kumwambia pole, akaniambia ng'ombe aliyekonda atanenepa mvua zikija, ila kilima kikishapandwa miti hakimrudii mtu. Kisha akaniuliza kama mabua bado yapo.

Baadaye kifua chake kikawa kibaya. Kupanda mlima kukamshinda, na kikundi kikanichagua mimi kushika geti. Hakunipa wosia wowote. Alinionyesha tu mahali ambapo senyenge hulegea.

Mara ya mwisho tuliyozungumza kwa kirefu ilikuwa mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Mkewe alikuwa ameshatangulia. Amebaki peke yake na ng'ombe mmoja aliyetoka kuzaa, na nguvu za kukata majani hana. Vipande vya chini vilikuwa vimebaki vumbi. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni na sakitu haijaanguka. Nikamwona anakuja polepole na fimbo, anamvuta ng'ombe wake, anasimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi. Alikuja mpaka getini.

"Shikamoo, Msimamizi."

"Marahaba, Mama Neema. Nifungulie."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni, hatanii.

"Bado, Msimamizi. Sakitu haijaja."

"Ni mmoja tu. Ana ndama. Atakaa pembeni."

"Akiingia wako, kesho watakuwa wote hapa. Unawajua."

"Mimi nilifungua Mei!"

"Ulifungua ili kilima kibaki. Leo nikifungua, kitaisha kabla ya baridi, na wako atakufa pamoja na wetu."

"Una roho ngumu," akaniambia. Akaongeza maneno ya Kikinga, na safari hii hayakuwa laini. Ng'ombe wake alikuwa ameingiza ulimi kati ya nyaya anavuta unyasi mmoja. Msimamizi akamrudisha kwa kamba, akageuka, wakashuka.

Niliumia. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumwambia, na nilisimama pale nimeshika mti wa geti nikilia kama mjinga, nikijua kwamba nikimwita atarudi, na nikimwita tumekwisha. Sikumwita.

Alfajiri nilishuka kinyunguni kwangu. Kwenye kingo za mifereji, palipo na unyevu, kulikuwa na majani kidogo niliyomwekea ng'ombe wangu. Nikafyeka ya ukingo mmoja, nikafunga mzigo, nikajitwika hadi kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda juani. Salamu yangu aliijibu akitazama kwingine. Nikatua mzigo mbele ya ng'ombe. Baada ya muda akajivuta, akachomoa shada moja, akageuza upande uliokatwa, akalisogeza karibu na macho.

"Umekata chini mno," alisema. "Umefika kwenye mzizi. Hapo hapataota kitu mpaka mvua."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka inakuponza. Kesho uache urefu wa kiganja."

"Nitaacha."

Nilimkatia hivyo kila asubuhi, nikiacha kiganja, mpaka siku bonde lilipoamka jeupe nikaenda kufungua geti. Kikundi kilikubali ng'ombe wake apite wa kwanza. Alimleta mwenyewe, akasikia habari hiyo, akakataa, akampanga katikati ya foleni na kusimama naye pale hadi zamu yake ilipofika.